UZI: Tovuti ya taasisi ya umma inayotoa taarifa tu haihitaji kanzidata. Jinsi ya kuijenga na kuipandisha hewani

Fundi_Kurasa (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Humu jukwaani haipiti muda bila mtu kuuliza: "Nimepewa kazi ya tovuti ya taasisi ya serikali, niende na WordPress au Joomla?" Hizo ni programu za kuendeshea tovuti zinazoweka maudhui kwenye kanzidata (database). Majibu ya swali hilo huwa ya Simba na Yanga, kurasa tano watu wanarushiana maneno. Mimi naleta jibu la tatu: usiende na yoyote. Kama tovuti kazi yake ni kutoa taarifa, yaani matangazo, ada, fomu za kupakua, namba za simu za idara na maelekezo ya kufika ofisini, jenga tovuti tuli. Mafaili ya HTML yaliyokamilika yanakaa kwenye folda, na seva kazi yake ni kumpa mtu faili aliloomba. Basi.

Fikirieni kinachotokea kwenye WordPress isiyowekewa kashe (nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa kwa muda). Mwananchi anafungua ukurasa wa mawasiliano. Seva inaamsha PHP, lugha ya programu inayoendesha WordPress, PHP inakwenda kuuliza MySQL, yaani ile kanzidata, MySQL inajibu, plagini kumi na kitu zinapita kuchungulia, ndipo ukurasa unaunganishwa na kutumwa. Yote hayo kwa ajili ya namba ya simu ya masijala ambayo haijabadilika tangu mwaka juzi. Akija wa pili, kazi inaanza upya. Kwenye tovuti tuli ukurasa unajengwa mara moja tu, pale maudhui yanapobadilika.

Na msiniambie hiki ni kitu cha majaribio. Mnaokumbuka kutafuta matokeo ya kidato cha nne NECTA mnajua kila shule ilikuwa na faili lake la .htm lenye namba ya kituo. Halina urembo, maandishi yamepangwa kwenye jedwali la kizamani. Tunalicheka, lakini siku matokeo yanatoka nchi nzima inaligombea faili hilo hilo, na muundo wa kuhimili siku ya namna hiyo ni huo: mafaili matupu, bila kuuliza kanzidata alama za mtoto mmoja mmoja.

Marekani nao wana funzo. HealthCare.gov, ile tovuti ya bima ya afya ya Obama, kurasa zake za maelezo zilijengwa kwa Jekyll, zana ya kutengeneza tovuti tuli, na kuwekwa hewani Juni 2013. Tarehe 1 Oktoba 2013 wakafungua mfumo wa kujisajili, ukaanguka kwa kishindo. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho walikuwa 6. Dunia ilicheka tovuti nzima, lakini kidonda kilikuwa kwenye kufungua akaunti na mifumo ya nyuma yake. Baadaye serikali yao ikatengeneza huduma iitwayo Federalist, leo inaitwa cloud.gov Pages, ambayo taasisi inaunganisha repo yake (hifadhi ya mafaili ya tovuti) na tovuti inajengwa na kupanda yenyewe, kwa Jekyll, Hugo au zana nyingine za aina hiyo.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe.

Kabla ya kugusa kompyuta, makaratasi. Kwa Tanzania kuna Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 na kuna eGA, Mamlaka ya Serikali Mtandao. Mradi wa TEHAMA wa taasisi ya umma unapita kwao, na kikoa cha go.tz hakitolewi kwa mtu binafsi aliyekwenda na kadi ya benki. Mikoa na halmashauri tayari wana mfumo wa pamoja wa eGA, ndiyo maana tovuti zao zinafanana kama sare. Uzi huu hauwahusu sana. Nawalenga vyuo, bodi, hospitali na miradi inayoachiwa ijenge yenyewe. Muulize mhusika mapema tovuti itakaa kwenye seva gani, maana jibu hilo ndilo litakaloamua mengine yote.

Zana: mimi natumia Hugo. Sababu ni moja tu, ni faili moja la programu. Unalinakili kwenye kompyuta ya ofisi na linafanya kazi hata mtandao ukiwa umekatika. Jekyll ni mkongwe zaidi, wa tangu 2008, lakini lazima usimamishe Ruby na vikorokoro vyake, na miaka miwili mbele mtu akirithi kazi yako atakulaani. Eleventy ni nzuri kwa wanaoishi kwenye JavaScript.

Maudhui unayaandika kama maandishi ya kawaida, faili moja kwa tangazo moja. Juu yake mistari michache: kichwa cha habari, tarehe, idara. Yote yanakaa kwenye Git, mfumo unaotunza historia ya kila badiliko, hivyo inajulikana nani alibadilisha ada ya usajili, lini, na ilikuwa shilingi ngapi kabla. Mkaguzi akija, historia ipo hapo hapo.

Kupandisha ndiko wengi wanakochemka. Msirushe mafaili kwa FTP juu ya tovuti inayotembea. Mtandao ukikatika katikati, nusu ya tovuti ni mpya na nusu ni ya zamani, na mitindo inavurugika. Fanyeni hivi: kila toleo linaingia kwenye folda yake mpya, mfano /srv/tovuti/matoleo/0412, kwa rsync, programu ya kunakili mafaili. Likishaingia lote, kuna kiungo kimoja (symlink, njia ya mkato inayoelekeza kwenye folda) kiitwacho /srv/tovuti/sasa ambacho Nginx, programu ya seva inayotoa kurasa, inakisoma. Unatengeneza kiungo kipya pembeni, halafu unakihamishia pale kwa mv -T. Watu wengi wanatumia ln -sfn. Hiyo kwenye mifumo ya zamani inafuta kiungo kilichopo kwanza ndipo inaunda kipya, na katikati hapo kuna upenyo mdogo ambao mgeni anaweza kukutana na 404 (ukurasa haupatikani). Kwa mv -T kubadilisha ni tendo moja. Ukigundua toleo jipya lina kasoro, unageuza kiungo kirudi kwenye folda ya jana. Sekunde moja, hakuna kurejesha kanzidata, hakuna jasho.

Kwenye Nginx mstari wa maana ni huu, yaani toa faili, lisipokuwepo jaribu folda, nayo isipokuwepo toa 404:

try_files $uri $uri/ =404;

Kurasa za HTML zipeni muda mfupi wa kashe, dakika tano zinatosha. Picha, mitindo na fonti zipeni mwaka mzima, ila majina yake yawe na alama ya kipekee inayobadilika faili likibadilika. Hugo inafanya hilo yenyewe ukiiomba.

Mengine tutaongea kwenye michango. Karibuni.

---

Kaka_Mpole

Nimekaa siti ya mbele. Wajuvi endeleeni.

---

AfisaHabari_Kanda

Mleta uzi, heshima yako. Ila naona umeandika kama fundi anayewaandikia mafundi. Mimi ndiye ninayeweka habari kwenye tovuti ya taasisi yetu. Saa kumi na moja jioni bosi anarudi kutoka kwenye ziara, anataka picha na habari ziwe hewani kabla ya taarifa ya saa mbili usiku. Nafungua WordPress kwenye simu, nabandika, nimemaliza. Wewe unaniambia niandike "faili", nilisukume kwenye Git, nisubiri ijengwe? Kijana wa TEHAMA yuko likizo Songea, simu haipatikani. Tovuti yako itakuwa ya kasi sana lakini habari ya mwisho itakuwa ya Nanenane iliyopita.

Na ukweli ni kwamba tovuti nyingi za umma zimekufa kwa kukosa wa kuandika. Hiyo kanzidata mnaisingizia.

---

Fundi_Kurasa

AfisaHabari_Kanda, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote zitakazokuja humu, acha niijibu kwa kirefu.

Kwanza nakubali, kifo cha tovuti za umma huanzia kwenye uandishi. Lakini angalia hicho unachokitetea: picha ya ziara ya bosi. Mwananchi hakuja kuitafuta hiyo. Amekuja kutafuta ada, fomu, tarehe ya mwisho na namba ya kupiga. Habari ya ziara iende kwenye Instagram na WhatsApp ambako inasomwa, tovuti ibaki na yale ambayo mtu atayahitaji hata miezi sita ijayo.

Pili, si lazima wewe uione Git. Kuna njia ambazo nimeziona zinafanya kazi. Moja ni kuweka ukurasa wa kuandikia juu ya repo, mfano Decap CMS. Unaingia, unakuta visanduku vya kichwa cha habari, tarehe, maelezo na picha, unajaza, unabonyeza kuhifadhi. Nyuma ya pazia inaandika lile faili na kuanzisha ujenzi. Kwa tovuti yenye kurasa mia tatu, Hugo inamaliza kujenga kabla hujashusha mkono. Na inafunguka kwenye simu.

Nyingine ni ya wale waliokwisha kuizoea WordPress kiasi cha kutotaka kusikia kingine. Iacheni WordPress, lakini ifungieni ndani, kwenye mtandao wa ofisi au nyuma ya VPN, isionekane na dunia. Wewe unaandika humo kama kawaida yako. Kisha nakala tuli inavutwa, kwa plagini kama Simply Static au hata kwa wget --mirror, na hiyo nakala ndiyo inayopanda hewani. Mgeni haifikii PHP wala ukurasa wa kuingilia. Hata Waingereza wenye GOV.UK, ambayo yenyewe si tovuti tuli, wanaweka nakala tuli ya kurasa zao pembeni; mitambo mikuu ikizimika, inatumika hiyo.

Halafu kuna jambo la uidhinishaji ambalo kwa ofisi ya umma lina uzito. Kwenye WordPress mtu yeyote mwenye nenosiri anachapisha, na nenosiri lenyewe mnalijua watu sita, limebandikwa ukutani. Kwenye Git unaweka sharti: mabadiliko yanakaa kwenye tawi (nakala ya pembeni), yanajengwa kwenye anwani ya majaribio, mkuu wa kitengo anaiona hiyo kurasa kwenye simu yake kama itakavyokuwa, akikubali ndipo inaingia. Dokezo la kidijitali, tena lisilopotea masijala.

---

Mchwa_wa_Cron

Naongezea kitu ambacho hakiandikwi kwenye mafunzo ya Hugo na kinawatesa watu wa ukanda wetu.

Ofisi moja niliyoisaidia, tangazo lilikuwa limeandikwa vizuri, faili lipo, ujenzi unasema umefanikiwa, lakini tangazo halionekani. Wakijenga mchana linatokea. Asubuhi linapotea. Wakaanza kusema seva ina pepo.

Sababu: juu ya faili waliandika tarehe na saa, 08:00, yaani saa mbili asubuhi kwetu. Hugo, tarehe isiyotajwa majira inaihesabu kwa saa za UTC, majira ya kimataifa yaliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Saa mbili asubuhi Dar es Salaam ni saa kumi na moja alfajiri kwa UTC, kwa hiyo kwa Hugo tangazo lile ni la saa tatu zijazo. Na Hugo kwa kawaida yake haichapishi kurasa za wakati ujao. Inaliruka kimya kimya, haisemi kosa. Dawa ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio:

timeZone = "Africa/Dar_es_Salaam"

La pili linatoka familia hiyo hiyo. Hugo ina expiryDate, tarehe ya tangazo kuondoka. Watu wanadhani ikifika siku hiyo tangazo linajiondoa. Wapi! Tovuti tuli haijui leo ni tarehe ngapi. Inajua tarehe siku inapojengwa tu. Msipojenga wiki tatu, tangazo la nafasi za kazi lililofungwa litaendelea kukaa ukurasa wa mbele, na simu za watu kuuliza "bado mnapokea?" zitakuwa zenu. Kwa hiyo wekeni cron (programu ya seva inayoendesha kazi kwa ratiba) ijenge upya kila usiku hata kama hakuna aliyegusa kitu. Na mkumbuke seva nyingi nazo zinatembea kwa UTC: ukiandika saa sita na dakika tano usiku, kwetu itakuwa saa tisa na dakika tano. Haina madhara, mradi ujue.

---

Fundi_Kurasa

Mchwa hapa umemaliza kila kitu. Naunga mkono mstari kwa mstari. Ongezeni na hili: cron ikishindwa kujenga, isipandishe. Toleo la jana likae, na barua pepe imwendee mtu aliye hai, isiwe anwani ya mtumishi aliyestaafu.

---

Mwana_wa_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa, ndugu zanguni.

Sisi huku tumeonja pande zote mbili. Januari 2012 tovuti 103 za serikali ya Kenya ziliharibiwa kwa usiku mmoja na mdukuzi aliyejitambulisha kuwa wa Indonesia. Mtu anafungua tovuti ya wizara akutana na bango la kijana wa mbali. Julai 2023 ikawa eCitizen, mfumo wenye huduma zaidi ya 5,000, ukafurikishwa maombi ya uongo hata watu wakashindwa kulipia pasipoti na leseni.

Nayataja yote mawili ili tusichanganye mambo. Kwa tukio la aina ya kwanza, tovuti tuli yapunguza milango: hapana ukurasa wa kuingilia, hapana plagini ya mwaka 2016 iliyosahauliwa. Kwa la pili, tovuti tuli haikusaidii kitu, kwa sababu eCitizen ni malipo, akaunti na rekodi za watu. Huwezi kuigeuza mafaili. Lakini wangalau ukurasa wa kuwaambia watu "mfumo una hitilafu, nendeni Huduma Centre" uwe pahali pengine kabisa, usife pamoja na mfumo.

Na tovuti tuli nayo yadukuliwa, msijidanganye. Atakayepata ufunguo wako wa SSH (wa kuingilia seva), au akaunti ya Git, au paswedi ya pale DNS ilipo (rekodi zinazoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake), ashakuwa mwenye nyumba. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili kote kutatu. Na mukiondoa huduma fulani, futeni na rekodi yake ya DNS. Jina dogo linaloelekeza kwenye akaunti iliyokwisha kufungwa, mtu hujisajilia akaunti ile na kuanza kuuza kamari chini ya jina la serikali.

---

Bint_Ujiji

Samahani wakuu, mimi bado mwanafunzi. Kama hakuna kanzidata, fomu ya "tuma maoni" na kisanduku cha kutafuta vinafanyaje kazi? Mhadhiri wetu anasema bila hivyo tovuti haijakamilika.

---

Fundi_Kurasa

Bint_Ujiji swali zuri, dada.

Kutafuta kunawezekana. Kuna zana inaitwa Pagefind. Baada ya Hugo kujenga, inapitia kurasa zote na kutengeneza faharasa iliyokatwakatwa vipande vidogo. Mtu akitafuta "leseni", kivinjari chake kinavuta vipande vinavyohusika tu. Seva haifanyi kazi yoyote ya ziada. Kwa Kiswahili kuna kaugumu kidogo: mtu akiandika "kulipa" hatapata kirahisi ukurasa ulioandika "malipo" au "unalipaje". Kwa hiyo kwenye kila ukurasa muhimu andika kwa makusudi maneno ambayo mwananchi angeyatumia. Ukurasa ukiitwa "Ushuru wa huduma", ndani yake liwemo na neno "kodi", maana huyo anayetafuta hajui kwamba kwenu mnatofautisha.

Fomu ya maoni: tovuti tuli haipokei kitu. Utahitaji huduma ndogo pembeni. Lakini nikuulize, hayo maoni yanasomwa na nani? Nimeona fomu za aina hiyo zinazotuma kwenye sanduku la barua lililojaa. Namba ya simu inayopokelewa na barua pepe ya ofisi vina manufaa kuliko fomu. Pia ukianza kukusanya majina na simu za watu, umeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hapo hata orodha za PDF za majina ya walioitwa kwenye usaili zinahitaji kufikiriwa mara mbili, hasa zile zinazokaa hewani mwaka wa nne sasa.

Zabuni nazo msizirudie. Zipo NeST, mfumo wa ununuzi wa umma. Weka kiungo.

---

Mswahili_Köln

Niko Ujerumani, natazama tovuti nyingi za nyumbani. Kosa ninalolikuta ni fonti na JavaScript kuvutwa kutoka seva za Google au za kampuni nyingine ng'ambo. Huku mahakama ya München iliamua Januari 2022 kwamba mwenye tovuti amlipe mgeni euro 100 kwa sababu fonti za Google zilipeleka anwani yake ya IP Marekani bila ridhaa. Hiyo ni sheria ya Ulaya, sawa. Lakini kwenu kuna sababu nyingine: Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika, ukurasa uliokuwa kwenye seva iliyopo Dar es Salaam lakini unasubiri fonti kutoka ng'ambo, ungekaa mweupe huku mtu akidhani seva imekufa. Fonti ni mafaili mawili matatu. Pakueni, wekeni kwenye folda yenu, kisha sera ya usalama ya maudhui iwe default-src 'self'. Atakayebandika kitu cha nje baadaye ataona kimegoma palepale.

---

Chawa_Mstaafu

Mnaandika vizuri sana ila mmesahau kitu kimoja. Tovuti ya namna hii inakula kiasi gani? Mkimwambia bosi kwamba seva ndogo inatosha na leseni ni bure, fungu la "uboreshaji wa tovuti" la mwaka mzima linakwenda wapi? Kuna watu wana mikataba ya matengenezo ya tovuti ambayo kazi yake ni kubonyeza kusasisha plagini. Mnawatoa watu kwenye ugali hivi hivi.

---

Kaka_Mpole

Chawa_Mstaafu 😂😂 umesema wewe, si mimi.

---

Mchwa_wa_Cron

Fungu lipelekeni kwa mtu wa kuandika Kiswahili kinachoeleweka na mpiga picha. Hao ndio hawapo.

Narudi kwenye ufundi: vyeti vya usalama, vile vya https. Vya Let's Encrypt ni bure na cheti kinaishi siku 90, programu ya certbot inakihuisha yenyewe. Zamani wakikuona unakaribia kuchelewa walikutumia barua pepe. Juni 2025 waliacha. Kama mlikuwa mnaitegemea ile barua, hamna tena mlinzi, wekeni kipimo chenu. Na muda wa vyeti kwa ujumla unafupishwa duniani kote. Ifikapo Machi 2029 hakuna cheti kipya cha umma kitakachozidi siku 47. Utaratibu wa "nitakikumbuka mwenyewe" hautafika huko.

Anayedhani ni utani aangalie Marekani. Serikali yao ilipofunga shughuli kuanzia Desemba 2018, kufikia katikati ya Januari 2019 vyeti zaidi ya 80 vya tovuti za .gov vilikuwa vimeisha na hakuna mtumishi wa kuvihuisha. Baadhi ya tovuti zilikuwa zimewekewa HSTS, lile agizo la kukiambia kivinjari kisikubali kamwe muunganisho usio salama, kwa hiyo hazikufunguka hata kwa mtu aliyekuwa tayari kupuuza onyo. Mafaili yapo salama, seva inapumua, mlango umefungwa.

HSTS ni nzuri, iwekeni. Ila msikimbilie kuongeza includeSubDomains kabla hamjakagua mifumo mingine chini ya jina lenu. Mfumo wa mahudhurio wa zamani usio na cheti utazimika siku hiyo, na utajua kwa kelele za idara ya utumishi.

---

Nyundo_Baridi

Tunayo tovuti ya zamani ya Joomla, anwani zake ndefu zenye index.php?option=... Zimebandikwa kwenye barua, mabango na hata mihuri. Tukihamia tuli si tutapoteza zote?

---

Fundi_Kurasa

Hamtapoteza mkiifanya kwa utaratibu. Kabla ya kuhama chukua kumbukumbu za seva za miezi kadhaa, zichambue uone anwani zipi zinatembelewa kweli. Utashangaa ni chache. Hizo ziandikie maelekezo ya kudumu, 301, kwenye Nginx. Angalia kwamba anwani za Joomla zina alama ya kuuliza, na kinachofuata alama hiyo Nginx haikioni kwenye kanuni zake za location. Tumia map juu ya $args au juu ya $request_uri. Zilizobaki zipelekwe kwenye ukurasa wa 404 wenye akili: kisanduku cha kutafuta, simu ya ofisi, viungo vitano vinavyotafutwa sana. Msielekeze kila kitu ukurasa wa mbele, hilo linamchanganya mtu kuliko 404.

Siku chache kabla ya kuhamisha, shusheni TTL ya rekodi ya DNS (muda ambao anwani ya zamani inakumbukwa) ifike dakika tano. Mkiacha ya saa 24, nusu ya nchi itaona tovuti mpya na nusu ya zamani hadi kesho yake, na mkurugenzi kwa bahati mbaya huwa kwenye nusu ya zamani. Mambo yakitulia ipandisheni tena.

Na mjaribu kwa simu ya bei ya chini, laini ya kawaida, ukiwa umetoka nje ya jengo la ofisi. Msijaribu kwa Wi-Fi ya ofisini. Ukurasa wa mbele ukizidi KB 300, kuna picha ya mtu imebandikwa kama ilivyotoka kwenye kamera.

---

AfisaHabari_Kanda

Fundi_Kurasa, nimekusoma vizuri, na hilo la ukurasa wa majaribio ambao bosi anauona kwenye simu yake limenigusa, kwa sababu sasa hivi napeleka karatasi iliyochapwa anasahihisha kwa kalamu. Nitaongea na watu wetu wa TEHAMA tuanze na ukurasa mmoja, ule wa ada.

Swali moja. Ada zetu zinatoka kwa tangazo lenye saini na mhuri. Tunaliskani, tunapandisha PDF. Bila mhuri wananchi hawaamini, na bosi hataki kuona tangazo lisilo na mhuri. Kwenye huo mtindo wako inakuwaje?

---

Fundi_Kurasa

PDF ibaki, lakini iwe chini. Juu yake chapa ada zote kwa maandishi kwenye jedwali la kawaida la HTML: huduma, kiasi, namna ya kulipia, zinaanza lini. Chini ya jedwali weka kiungo kimoja: "Pakua tangazo lenye mhuri", na pembeni andika aina ya faili na ukubwa wake, ili mwenye bando la mwisho aamue mwenyewe. Ukiskani, chagua nyeusi na nyeupe kwa dpi 200. Faili la MB 9 litashuka hadi KB mia na kitu na mhuri unasomeka vizuri tu. Picha ya skani Google huisoma kwa kubahatisha, na programu inayomsomea asiyeona mara nyingi haiisomi, jedwali linasomwa vizuri na zote mbili.

Jina la faili nalo liwe la kudumu, ada-2025.pdf, lisiwe Scan0017_final_final.pdf. Na juu kabisa ya ukurasa wekeni tarehe ya mwisho kuhakikiwa pamoja na cheo cha aliyehakiki. Nitumie jedwali PM likiwa tayari, hata la Word, nikutengenezee kiolezo chake.

---

AfisaHabari_Kanda

Nakutumia kesho. Lina kurasa nne, na ukurasa wa tatu una ada mbili zinazopishana kwa huduma hiyo hiyo. Ngoja kwanza nikawaulize uhasibu ipi ndiyo yenyewe.